Tusisafirie Nyota ya Wenzetu

Kila mwaka mpya uingiapo, Akademia ya Sinema ya Marekani hutangaza majina ya filamu na wasanii walioteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na tangu siku hiyo hadi siku ya sherehe dunia hujaa waaguzi. Magazeti hutabiri, redio hutabiri, na hata kwetu Visiwani, kuanzia Chake Chake hadi Jaws Corner mjini Unguja, baraza ambayo hata jina lake ililipata kwenye sinema, hakosekani mtu mwenye kikombe cha kahawa mkononi anayeapa kuwa mshindi anamjua.

Gazeti hili halina ugomvi na burudani hiyo. Lakini wazee wetu, waliovuka bahari kwa jahazi, walituachia wasia kuwa usisafirie nyota ya mwenzio. Anayetabiri kwa kurudia yaliyotabiriwa na wengine hajatabiri kitu, na anayeshangilia ushindi wa wengine bila ya kuuliza waliupataje hajafaidi kitu. Kwa hiyo leo tunakusudia kufanya mambo mawili. Kwanza, kuonesha utabiri wa tuzo hizi unavyofanywa, na kwa ajili hiyo tutauchukua mwaka 2025, ambao hesabu yake imeshafungwa na kila mtu anaweza kuikagua. Pili, kuuliza hesabu hiyo inatufundisha nini sisi wananchi wa visiwa hivi pamoja na wakubwa waliokabidhiwa dhamana ya utamaduni wetu.

Uteuzi wa mwaka ule ulitangazwa tarehe 23 Januari 2025, baada ya kuahirishwa kwa sababu ya mioto mikubwa iliyoteketeza sehemu za mji wa Los Angeles. Orodha ilipotoka, jina lililotajwa zaidi lilikuwa Emilia Pérez, filamu iliyopelekwa na Ufaransa, ikizungumza Kihispania kwa sehemu kubwa, na hadithi yake ikiwa ni ya Mexico. Iliteuliwa mara 13. Hapajawahi kabla ya hapo filamu isiyo ya Kiingereza kupata idadi hiyo. The Brutalist na Wicked zilifuata kwa kuteuliwa mara 10 kila moja. Conclave na A Complete Unknown zilipata 8 kila moja. Na Anora, filamu ya fedha kidogo iliyokuwa imeshinda tuzo kuu ya Cannes mwezi Mei 2024, iliteuliwa mara 6.

Mwenye kuhesabu kwa vidole angesema shughuli imekwisha: wa 13 atamshinda wa 6. Lakini ngoma ikivuma sana hupasuka. Hazikupita siku nyingi, yakafichuliwa maandishi ya zamani ya mwigizaji mkuu wa Emilia Pérez, yenye maneno ya kuwakashifu Waislamu na watu wengine. Mwenyewe aliomba radhi, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Tena yalikuwapo malalamiko mengine, yaliyoanza kabla ya hayo, na hayo ndiyo sisi twayaona kuwa mazito zaidi. Watu wengi wa Mexico walilalamika kuwa msiba wao wa watu wanaotoweka umesimuliwa na wageni, na kupigwa picha kwa sehemu kubwa katika studio za Ufaransa, wenyewe wakiwa watazamaji tu. Siku ya sherehe, tarehe 2 Machi 2025, filamu iliyoteuliwa mara 13 iliondoka na tuzo mbili: ya mwigizaji msaidizi wa kike, Zoe Saldaña, na ya wimbo.

Fundisho la kwanza basi ni hili: idadi ya uteuzi si idadi ya kura. Katika uteuzi, kila tawi la Akademia huteua watu wa kazi yake, waigizaji wakiteua waigizaji na wahariri wakiteua wahariri. Katika kura ya mwisho, wanachama wote hupiga kura katika tuzo zote. Filamu inaweza kuwapendeza mafundi wa matawi mengi, lakini ikashindwa kuwapendeza wote kwa pamoja.

Fundisho la pili linahusu namna ya kupiga kura yenyewe. Kwa tuzo nyingi, mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Lakini kwa tuzo ya filamu bora, mpiga kura huzipanga filamu zote kumi, kuanzia anayoipenda zaidi. Ikiwa hapana iliyovuka nusu, ile iliyowekwa ya kwanza na watu wachache kuliko zote huondolewa, na karatasi zake huhamishiwa kwa filamu iliyofuata katika kila karatasi. Hesabu hurudiwa hivyo mpaka moja ivuke nusu. Tuchukue mfano wa jamaa kumi wanaochagua chakula cha karamu. Wanne wanaotaka pweza watamweka wa kwanza, na sita wasiomla watamweka wa mwisho. Biriani huenda isiwe ya kwanza kwa wengi, lakini wanaoikataa ni wachache, nayo ndiyo itakayopikwa. Basi anayetabiri filamu bora hapaswi kuuliza ni ipi inayopendwa kwa kelele nyingi. Anapaswa kuuliza ni ipi isiyochukiwa.

Fundisho la tatu ni kutazama wapiga kura wenyewe wamefanya nini kabla ya siku ya mwisho. Tarehe 5 Januari 2025, katika tuzo za Golden Globe, Anora haikupata hata moja. Waaguzi wengi wakaizika. Tarehe 8 Februari, Chama cha Watayarishaji na Chama cha Waongozaji wa Marekani, kila kimoja katika hafla yake, vikaipa tuzo zao kuu usiku mmoja. Golden Globe hutolewa na waandishi wa habari, ambao hawana kura katika Oscar, ilhali wengi wa wanachama wa vyama vile viwili wanayo. Tena Chama cha Watayarishaji huhesabu kura zake kwa mtindo ule ule wa kupanga safu tulioueleza. Aliyeyajua hayo hakubabaika Waingereza walipoipa Conclave tuzo yao tarehe 16 Februari, wala Chama cha Waigizaji kilipoipa filamu hiyo hiyo tuzo ya kundi bora la waigizaji tarehe 23. Siku ya mwisho Anora ilichukua tuzo tano, pamoja na ya filamu bora. Nne kati ya hizo alizipokea mtu mmoja, Sean Baker, kwa kuiongoza, kuiandika, kuihariri na kuwa miongoni mwa watayarishaji wake. Conclave ilipata moja, ya mchezo ulioandikwa kutokana na kitabu.

Hata hivyo, tusijivune kupita kiasi. Kwa upande wa mwigizaji bora wa kike, Demi Moore alikuwa ameshinda Golden Globe na tuzo ya Chama cha Waigizaji, na waaguzi wengi wakamwekea dhamana. Aliyeitwa jukwaani ni Mikey Madison wa Anora, ambaye Waingereza peke yao, katika tuzo kubwa, ndio waliomtangulizia ushindi. Dalili za mvua ni mawingu, lakini si kila wingu linanyesha.

Hayo ni ya mabingwa. Sasa tuingie katika jambo ambalo gazeti hili linaliona kuwa ndilo lenye manufaa kwetu, nalo ni habari za nchi ambazo hazikuzoea kuitwa katika ukumbi ule.

Brazil ilishinda mwaka ule, kwa mara ya kwanza, tuzo ya filamu bora ya kimataifa. Filamu yao, I'm Still Here ya Walter Salles, inasimulia habari za Eunice Paiva, ambaye mumewe alichukuliwa na askari wa utawala wa kijeshi mwaka 1971 na hakurudi. Mwongozaji huyo huyo alifika mpaka mlangoni mwaka 1999 kwa filamu ya Central Station, pamoja na mwigizaji Fernanda Montenegro, na wote wawili wakarudi mikono mitupu. Baada ya miaka 26 alirudi na Fernanda Torres, binti wa mama yule yule. Lakini la kukumbukwa zaidi ni kwamba, kabla ya sherehe ya Marekani, Wabrazil kwa mamilioni walikuwa wameshajaza kumbi za kwao wenyewe kuitazama. Akademia iliituza baada ya wenyewe kuiona.

Na Latvia je? Ndugu msomaji, Latvia ni nchi ndogo pembeni mwa Bahari ya Baltiki, yenye watu wasiofika milioni mbili. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Unguja na Pemba. Kwa idadi ya watu, basi, sisi na wao ni takriban sawa. Nchi hiyo ilileta filamu ya katuni, Flow, ya kijana Gints Zilbalodis, juu ya paka na wanyama wenzake wanaosafiri katika mashua wakati wa gharika. Haina hata neno moja la mazungumzo. Ilitengenezwa kwa programu ya kompyuta ambayo mtu yeyote huipata bila ya malipo. Nayo ikazishinda filamu za makampuni makubwa ya Marekani, ikaipatia Latvia Oscar ya kwanza katika historia yake. Watu wasidhani kuwa hiyo ilikuwa bahati ya mtende. Latvia ina ofisi ya taifa ya filamu, chini ya wizara ya utamaduni, iliyotia fedha katika kazi ile. Ilishirikiana na Ufaransa na Ubelgiji. Na wananchi wake waliitazama kwa wingi kuliko filamu nyingine yoyote iliyopata kuoneshwa katika kumbi za nchi hiyo.

Afrika haikuwamo katika zile tano za kimataifa za mwaka 2025. Senegal ilifika katika orodha ya 15 kwa filamu ya Dahomey ya Mati Diop, inayohusu hazina 26 zilizorejeshwa Benin kutoka Ufaransa, ikaishia hapo. Hadi sherehe ya mwaka ule, nchi za Afrika zilikuwa zimeipata tuzo hiyo mara tatu: Algeria mwaka 1970, Côte d'Ivoire mwaka 1977 na Afrika ya Kusini mwaka 2006, na zile mbili za mwanzo ziliongozwa na watu wa Ulaya. Tukisema kuwa ni chuki za wenyewe tu, tutakuwa tumejifariji. Sehemu ya lawama hukaa nyumbani, na mfano mzuri ni India. Mwezi Mei 2024, filamu ya Payal Kapadia iitwayo All We Imagine as Light ilipata tuzo ya pili kwa ukubwa ya Cannes. Sheria ya Akademia wakati huo ilikuwa kwamba kila nchi hupeleka filamu moja tu, nayo huchaguliwa na kamati ya nchi yenyewe. Kamati ya India ikachagua nyingine, ambayo haikuingia hata katika zile 15. Mlango ulifungwa India kabla ya kufika Los Angeles.

Sisi nasi tuna hadithi yetu. Mwaka 2019, filamu ya Bohemian Rhapsody ilipata Oscar nne, nyingi kuliko filamu nyingine yoyote ya usiku ule. Ilikuwa ni maisha ya Freddie Mercury, ambaye alizaliwa hapa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Watalii wakafurahi, nasi tukafurahi. Lakini hadithi ile ilikuwa ya London. Zanzibar ilikuwa ni mahali pa kutajwa tu. Nyota ilizaliwa kwetu, jahazi lilikuwa la wengine.

Miaka miwili baadaye ilitokea iliyo yetu. Amil Shivji aliichukua riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, na kuitengeneza filamu inayoirejesha Zanzibar ya miaka ya 1950, ya Denge na Yasmin, mapenzi yao na harakati za uhuru, kwa Kiswahili chetu na katika vichochoro vyetu. Ilioneshwa Toronto mwaka 2021. Mwaka 2022 ilipata Tanit ya Dhahabu huko Carthage, Tunisia, moja ya tuzo kongwe na za heshima kubwa katika sinema ya Afrika na ya Waarabu. Mwaka huo huo Tanzania iliipeleka katika shindano la Oscar la sherehe ya 2023. Haikuingia katika 15, sembuse katika tano. Nyuma yake, nchi yetu ilikuwa imepeleka Maangamizi mwaka 2001. Baina ya safari ya kwanza na ya pili ilipita miaka zaidi ya 20.

Je, Vuta N'kuvute ilishindwa kwa sababu ni mbaya? Majaji wa Carthage hawakuona hivyo. Filamu inayotoka katika nchi isiyosikika huhitaji mtu wa kuishika mkono: kupata msambazaji Marekani, kuoneshwa mara kwa mara mbele ya wapiga kura, na kutajwa katika magazeti wanayoyasoma. Hayo huanza miezi mingi kabla ya siku ya mwisho, na msanii mmoja peke yake hayawezi. Aliyekwenda vitani na upinde, akakuta wenziwe wamekuja na mizinga, asilaumiwe kwa kulenga vibaya.

Wako watakaosema kuwa nchi yenye haja ya maji, dawa na madawati haina nafasi ya kushughulika na sinema. Hoja hiyo tunaiheshimu, na hatuombi fedha za kununua zulia jekundu. Tunachokiomba ni utaratibu, na utaratibu hauna gharama kubwa. Wahusika wa Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni la Zanzibar na wenzao wa Bodi ya Filamu huko Bara wangeweza kukaa meza moja na kuyatazama mambo manne.

La kwanza ni kalenda. Muda wa kupeleka filamu ya kimataifa hufungwa mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba kila mwaka. Tarehe hiyo itangazwe kwa watengenezaji filamu wa Unguja, Pemba na Bara tangu Januari, ili asiwepo wa kusema hakujua.

La pili ni kamati. Iwe ni ya watu wanaoijua kazi, majina yao yawe wazi, na Zanzibar iwe na sauti ndani yake. Na ikishachagua, ieleze kwa nini imechagua. India imetuonesha bei ya kamati isiyosomeka.

La tatu ni ukumbi. Mji Mkongwe ulikuwa na nyumba tatu za sinema, Majestic, Empire na Cine Afrique, na wazee wanakumbuka foleni zake siku za Idd. Zote tatu ziliacha kazi hiyo zamani. Tangu mwaka 1998, Tamasha la Filamu la Zanzibar limetupa siku chache za nuru kila mwaka, pale Ngome Kongwe na kwengineko, na hutoa tuzo yake yenyewe ya Jahazi la Dhahabu. Lakini siku chache si mwaka. Sheria za Akademia zenyewe zinataka filamu iwe imeoneshwa kwa watu wanaolipa kiingilio, katika ukumbi wa sinema, kwa siku saba mfululizo. Yafaa siku hizo saba zipatikane hapa kwetu kwanza, na zipatikane Pemba pia, na bei iwe ya mvuvi na mwanafunzi.

La nne ni hifadhi. Kila filamu iliyotengenezwa Visiwani iwekwe nakala yake mahali pa kuaminika, kama tunavyoweka nyaraka. Mwongozaji wa Brazil aliporudi baada ya miaka 26, kazi yake ya awali ilikuwa bado inaonekana.

Tumalizie kwa kutabiri, maana msomaji aliyetuvumilia mpaka hapa anastahili utabiri. Kwa mwaka wowote ujao, orodha itakapotoka, mwenye kupenda mchezo huu asiihesabu filamu yenye uteuzi mwingi kuwa imekwisha kushinda. Asubiri Chama cha Watayarishaji na Chama cha Waongozaji. Vikikubaliana juu ya filamu moja, aiandike hiyo. Na akumbuke kuwa kuanzia mashindano ya mwaka 2026 mpiga kura hutakiwa awe amezitazama filamu zote zilizoteuliwa katika tuzo anayoipigia kura ya mwisho. Filamu ndogo iliyokuwa ikikosa kura kwa kutotazamwa itapumua kidogo.

Kuhusu sisi wenyewe, utabiri wetu hauhitaji nyota wala ramli. Pasipo kalenda, kamati, ukumbi na hifadhi, jina la visiwa hivi litatajwa katika ukumbi ule kama lilivyotajwa mwaka 2019, kwa hisani ya wengine. Yakiwepo hayo manne, hatusemi tutashinda, maana hata mabingwa hushindwa. Tunasema tu kwamba mtoto wa Wete au wa Makunduchi atalipa kiingilio chake, ataiona bahari yake na kuisikia lugha yake kwenye kioo kikubwa, kabla ya mtu wa Los Angeles hajaombwa kuitazama. Watu wa Latvia na wa Brazil walizitazama zao katika kumbi za kwao.